Draya inachemka lakini nguo hazikauki, nimeambiwa ninunue elementi (koili ya kupasha joto). Wana Dodoma naomba msaada

Mama_Ilazo

Mbukwenyi wana Dom, habari za jioni.

Nina draya ya kilo 7, ile ya kutoa hewa nje kwa bomba, siyo ya tangi la maji. Shemeji alituletea kutoka Uingereza tukiwa bado Dar, na Dar haikuwahi kunisumbua. Tulipohamia huku fundi ujenzi alitoboa ukuta wa stoo, akapitisha bomba, maisha yakaendelea.

Matatizo yameanza na mvua za Januari. Siku hiyo dramu inazunguka, feni inavuma, lakini joto hakuna, nguo zinatoka zimelowa vilevile. Nikaita fundi niliyeelekezwa na jirani. Akafungua mgongo, akachokonoa, muda si muda akasema tayari: "Kuna kidude kilikuwa kimeungua, nimekiruka." Kweli joto likarudi. Nikamlipa, akaenda zake.

Tangu hapo nguo zinatoka za moto kiasi kwamba zipu ya jinzi haishikiki, lakini kiunoni na mifukoni bado mbichi. Mzigo uliokuwa unakauka kwa saa moja na nusu unakwenda saa tatu, na bado namalizia kwa kuanika ndani. Katikati ya kazi mashine inajizima yenyewe, ukiiacha ikapoa inakubali tena. Juzi nimesikia harufu ya kitambaa kinachoungua. LUKU ndiyo sisemi.

Yule fundi nimempigia, anasema elementi imechoka, niagize mpya Kariakoo. Kabla sijatuma hela, wanaozijua hizi mashine naombeni mawazo yenu. Ni elementi kweli?

Jua_la_Dom

Draya? Dodoma hii hii? Mama una hela za kuchezea. Mwezi wa nane huku ukimaliza kuanika shuka la mwisho, la kwanza unaanza kulianua.

Mama_Ilazo

Mkuu, jua naliona. Mimi na mzee tunatoka alfajiri kuwahi kazini Mtumba, tunarudi giza limeingia. Atakayeanua ni nani? Na huo mwezi wa nane unaousifia ndio wa upepo, shuka jeupe linarudi ndani lina rangi ya barabara. Hapo sijagusa sare za shule zilizoondoka na kamba yake.

Babu_Kikuyu_Kusini

Jua_la_Dom mwache mama wa watu. Kuna na wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Ukivaa bila kupiga pasi, mabuu yanaingia kwenye ngozi, unadhani ni jipu. Mjukuu wangu yalimtoka mgongoni. Joto la draya linaua mayai sawa na pasi, kwa hiyo kwa nguo za watoto mimi naona ina maana yake. Ufundi sina, nasubiri wenye kujua.

FundiMakole

Dada, kwanza ichomoe kwenye soketi. Siyo kuizima kwa kitufe. Ichomoe, na usiichomeke tena mpaka tumalizane hapa.

Elementi yako nina hakika ni nzima. Elementi ikikatika imekatika, joto hakuna. Zile zenye koili mbili inaweza kukatika moja ukabaki na nusu ya joto, lakini wewe joto limekuzidi, halijapungua. Tatizo lako ni hewa.

Watu wanaidhani draya ni tanuri. Draya ni feni yenye hita. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye elementi inapata moto, inaingia kwenye dramu inabeba unyevu wa nguo, inapita kwenye chujio pale mlangoni, halafu inasukumwa nje kwa bomba. Maji ya nguo hayapotelei humo ndani, yanasafirishwa. Ukiziba njia, mvuke unakosa pa kwenda, unazunguka na nguo. Ndiyo maana zinatoka za moto na mbichi kwa wakati mmoja. Mtu yeyote akikusimulia dalili hiyo, acha elementi, tafuta palipoziba.

Sasa turudi kwa hicho kidude. Kwenye bati la elementi huwa kuna vidude viwili vidogo vya mviringo. Kimoja ni thamostati ya kawaida, inakata joto na kulirudisha yenyewe. Cha pili ni cha usalama: joto likivuka kiwango chake kinakata, basi. Aina nyingine kina kitufe cha kukirudisha kwa mkono, nyingine kikikata unabadilisha. Elementi iliyokosa hewa ya kuipoza ni kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka, na hicho kidude ndicho kinachoiwahi. Kilipokata Januari kilikuwa kinakuambia bomba limeziba. Jamaa akakinyamazisha. Kinachoizima mashine sasa hivi ni kinga iliyo ndani ya mota, maana mota nayo inachemka. Hiyo haikuwekwa kwa ajili ya elementi. Na ile harufu, kwa hali hiyo, ni manyoya ya nguo yanayoanza kubabuka karibu na koili. Draya zinawaka moto namna hiyo hiyo.

Naomba nijue: bomba ni refu kiasi gani na lina kona ngapi? Pale nje linapotokea umeweka nini? Chujio la mlangoni unalisafishaje? Na stoo ina dirisha? Ukiweza tupigie picha mgongo ukiwa wazi, ila kabla ya kugusa bisibisi uwe unaiona plagi kwa macho yako iko nje ya soketi.

Chidi_Nzuguni

Hapo kwenye kuruka kidude nimecheka kwa uchungu. Mafundi wetu bwana, kila kitu kwao ni kuruka.

FundiMakole

Chidi, wengine. Kuruka kwa sekunde chache ukiwa na mita ya kupimia umeme mkononi ili ujue kipi kimekufa ni jambo moja, kumrudishia mteja mashine ikiwa hivyo ni jingine.

Mama_Ilazo

Nimechomoa. Mzee ndiye kafungua nyuma, mimi nashika tochi.

Picha nimeweka. Mtaona nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, na kile kidude kinaning'inia pembeni.

Bomba ni la plastiki jeupe, lile la kujikunja. Kama mita nne hivi. Limepanda nyuma ya mashine, likapita juu ya fremu ya mlango, likashuka kwenye tundu la ukuta. Mashine imesogezwa ukutani kwa hiyo pale mwanzo limebanwa. Nje fundi ujenzi alifunika tundu kwa wavu wa mbu ili wadudu na mijusi wasiingie. Chujio natoa manyoya kwa mkono kila nikimaliza. Dirisha stoo haina, na mlango huwa nafunga kwa sababu ya kelele.

FundiMakole

Wavu wa mbu! Dada hatuhitaji kwenda mbali.

Manyoya mepesi yanavuka chujio na kusafiri na hewa hadi nje. Tundu la wavu wa mbu ni dogo, yananasa hapo. Yakinasa na yana unyevu, vumbi la Dodoma linakuja upande wa pili linajipaka. Dar pengine bomba lilikuwa fupi na wazi, ndiyo maana hukuona shida. Pale nje panatakiwa kifuniko chenye vilango vyepesi vinavyofunguka kwa hewa ya draya na kujifunga ikizimwa. Mjusi haingii na manyoya yanatoka.

Fanyeni haya kesho mchana, mashine ikiwa bado imechomolewa. Ng'oa wavu. Toa bomba zima, lipeleke nje, lining'inize na ulipige pige. Halafu chukua lile chujio, lishike chini ya bomba la maji, mimina maji juu yake. Yakipita moja kwa moja, sawa. Yakisimama juu ya wavu wa chujio, limezibwa na utando ambao kwa macho hauuoni. Utando huo unatokana na dawa ya kulainisha nguo, na mkono hauutoi. Unahitaji maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani.

Mama_Ilazo

Mrejesho wa Jumamosi.

Wavu ulipong'oka, kizibo kilitoka kizima kikiwa na umbo la tundu. Upande wa ndani ni manyoya ya kijivu laini, upande wa nje ni udongo mwekundu uliokauka. Ukikivunja katikati kina unene wa kidole gumba. Nyuzi za sweta la mwanangu la kijani zilionekana kwa tabaka, ningeweza kukwambia mwezi gani lilifuliwa. Kwenye bomba, pale juu ya mlango lilipolegea, kulikuwa na maji yamesimama. Tumeyamwaga meusi.

Chujio nalo: maji yalisimama. Nilidhani unatania. Nimelishika usawa kama sinia na maji yamekaa juu. Nimelisugua, sasa yanapita.

Tumetoa na manyoya mengi chini ya dramu na kuzunguka bati la elementi. Mengine yalikuwa yamegeuka kahawia.

Je, sasa naweza kuiwasha?

FundiMakole

Hapana. Kidude cha usalama kwanza.

Hayo ya kahawia ndiyo niliyokuwa naogopa. Futa yote kwa brashi laini na vakyumu, usipulize kwa mdomo yakaingia ndani zaidi.

Namba ya modeli iko kwenye kibandiko, mara nyingi ukifungua mlango unaiona kwenye fremu. Tafuta kidude kwa namba hiyo, na nyuzi joto zilizoandikwa juu yake zilingane na cha zamani. Muuzaji akikwambia "chukua hiki cha juu zaidi hakitakata", rudisha. Kwa baadhi ya modeli vinauzwa pamoja na thamostati kama seti. Nunua seti, kwa sababu thamostati iliyopikwa miezi yote hiyo siiamini.

Mzee akiwa na mita, apime elementi nyaya zikiwa zimechomolewa. Hesabu ni rahisi: volti 230 mara 230, gawanya kwa wati zilizoandikwa. Elementi ya wati 2,500 isome kama omu 21, ya wati 2,000 kama omu 26. Ikiwa na koili mbili pima kila moja. Mita isiposoma kitu, imekatika. Halafu mguu mmoja wa mita kwenye koili, mwingine kwenye bati: hapo isisome kitu. Ikisoma, koili imegusa bati na siku moja utapigwa shoti ukifungua mlango.

Bomba la plastiki litupe. Nunua la alumini la milimita 100, likate liwe fupi kadiri inavyowezekana. Ningekuwa mimi ningetoboa tundu jipya nyuma ya mashine chini, nusu mita unatoka, kuliko kupanda juu ya mlango. Bomba likipanda mvuke unapoa na kugeuka maji, maji yanakaa kwenye kona, manyoya yananata kwenye maji. Ndicho ulichomwaga. Na mlango wa stoo uwe wazi. Mashine inatoa hewa nje muda wote, hiyo hewa lazima iingie kutoka mahali. Ukiifungia inashindana na ukuta.

Mwl_Nkuhungu

Fundi samahani nidandie uzi. Mimi yangu haijawahi kutoa joto tangu nimeinunua mpya dukani. Ina matenki mawili, moja la kufulia, jingine la kukaushia. Nguo zinatoka zimekamuka lakini siyo kavu. Warranti imeisha.

FundiMakole

Mwalimu, hiyo haina ugonjwa. Tenki la pili ni la kukamua tu, humo hakuna elementi wala haikuwekwa. Nguo zikitoka hazidondoshi maji imemaliza kazi yake, kaanike.

Na usiidharau. Kukausha lita moja ya maji kwa joto kunataka uniti 0.6 na ushee hata kama mashine haipotezi kitu. Kukamua lita hiyo hiyo kwa mzunguko ni umeme kidogo mno. Mwenye draya, kabla hajaingiza nguo, akamue kwa kasi ya mwisho ambayo kitambaa kinavumilia. Mzigo wa kilo 7 uliokamuliwa vibaya unaweza kuingia na lita mbili za ziada, na hizo unazilipia LUKU.

Jua_la_Dom

Enhe, tulikuwa tunaisubiri hiyo LUKU. Mzigo mmoja unakula uniti ngapi?

Mhasibu_Mlimwa

Ya bomba au ya kondensa (ile ya tangi la maji), mzigo uliojaa, weka uniti 3 mpaka 4 au zaidi kidogo. Ile ya pampu ya joto nusu ya hapo au chini yake. Kwa aliye T1, ile bei ya kawaida ya umeme, uniti ni 350 na ushee ukijumlisha kodi, kwa hiyo mzigo ni kama 1,400. Lakini aliye D1, ile ya matumizi madogo, ndiye aangalie. Wewe unapewa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi ukiwa ndani ya 75 kwa mwezi. Ukikausha mizigo ishirini umezimaliza zote kabla hujawasha taa.

Jua_la_Dom

Narudi kwenye kamba yangu.

Dada_AreaD

Fundi na mimi nisaidie. Yangu ni ya kondensa, ina tangi la maji juu kushoto, unaiwekea "kausha kabatini" inajipima yenyewe. Sasa inafanya dakika ishirini inalia imemaliza, ukigusa nguo maji tupu. Nikiiwekea muda kwa mkono inakausha vizuri. Kondensa naiosha.

FundiMakole

Maelezo yako yamekata kesi. Ukiiwekea muda inakausha, maana yake joto na hewa viko sawa. Anayekosea ni anayepima.

Fungua mlango, angalia ndani kwenye ukingo wa mbele chini ya dramu, utaona vipande viwili vya chuma kinachong'aa. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili umeme mdogo sana unapita kati yao, mashine inajua bado kuna maji. Vikifunikwa na utando, umeme haupiti, mashine inadhani nguo zimekauka. Maji yetu ya visima vya Mzakwe unayajua yana chumvi, angalia sufuria yako ya chai. Ongeza dawa ya kulainisha, vinapata koti. Chukua kitambaa na siki nyeupe, sugua mpaka ukipitisha kucha isikwaruze kitu, futa kwa maji safi. Usitumie msasa wala steel wool, utaweka mikwaruzo na chumvi itashika haraka zaidi.

Isipotulia soma kitabu chake. Modeli kadhaa za Ulaya zina mpangilio wa kurekebisha kipimo kulingana na maji ya eneo.

Dada_AreaD

Kwa siki imekwisha kabisa? Maana nimejaribu leo mataulo yametoka makavu. Siamini.

FundiMakole

Rudia kila ukiona inaanza kuwahi kumaliza.

Chidi_Nzuguni

Mimi nina swali la umeme. Huku kwetu jioni umeme unashuka, nimepima 190. Draya inachelewa sana saa hizo ila asubuhi iko poa. Nimenunua fridge guard (kinga ya umeme ya friji) nikaiweka, imeyeyuka plagi. Ni feki?

FundiMakole

Inaweza isiwe feki. Soma kibandiko chake. Nyingi za friji zimeandikwa ampea 5, draya ya wati 2,500 inavuta karibu 11. Umembebesha mtoto gunia la mzee. Hata zile stebilaiza ndogo za TV, wati elfu moja, usithubutu. Ukitaka kinga nunua iliyoandikwa ampea kuzidi za mashine yako, na ichomeke ukutani, siyo kwenye ekstensheni. Mimi ekstensheni kwenye draya siitaki kabisa, hata iwe nene. Waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye sakiti breka yake peke yake. Shika plagi baada ya nusu saa ya kazi: uvuguvugu sawa, ikikuchoma kuna mguso mbaya, badilisha soketi.

Kuhusu kuchelewa, nguvu ya elementi inafuata mraba wa volti. Kwenye 190 unapata asilimia 68 tu, yaani ile 2,500 yako inakuwa kama 1,700. Mashine haina kosa. Kausha asubuhi.

Na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, tafadhalini. Nyumba nyingi za huku fimbo imechomekwa kwenye kichanga, ikifika Septemba udongo umekauka hata ethi haishiki. Mwite fundi umeme aipime kiangazi, siyo masika. Draya ni bati tupu na wewe unaishika ukiwa na mikono yenye maji.

Chidi_Nzuguni

Shukrani. Mimi nataka kuanzisha udobi karibu na hosteli za wanafunzi, ndiyo maana nauliza sana. Kuna jamaa ana draya kubwa ya Marekani, bei ya kutupa, plagi ina miguu minne. Anasema nibadilishe plagi tu.

Mama_Ilazo

Kabla hajajibiwa Chidi, mrejesho. Seti ya thamostati imefika kwa basi, mzee kaifunga, elementi imesoma 21 na point. Tundu jipya limetobolewa chini, bomba la alumini halifiki hata mita. Mzigo wa mataulo na jinzi mbili: saa moja na dakika ishirini, mkavu hadi mifukoni, na zipu naishika. Nje ukiweka kiganja hewa inakusukuma, zamani nilikuwa nasikia kajoto tu.

Yule wa elementi nimempigia nikamweleza. Kakata simu.

FundiMakole

Safi sana, mpe mzee hongera. Mwisho wa kila mwezi toka nje utazame kama vilango vinafunguka vyote, kimoja kikilegea kwa vumbi kifute. Mgongo ufunguliwe utolewe manyoya angalau mara moja kwa mwaka, mimi huwa nashauri upepo ukishatulia, kabla ya mvua. Na usitoke kwenda kazini ukaiacha inazunguka. Najua ndiyo sababu unaitumia, lakini iwashe mkiwa nyumbani.

Chidi, kubadilisha plagi hakutoshi. Draya za umeme za Marekani zinatumia nyaya mbili za moto: kati ya moto na moto unapata 240 inayolisha elementi, kati ya moto na nyutro unapata 120 inayolisha mota na saa yake. Huku una moto mmoja wa 230. Ukibadilisha plagi tu, mota ya 120 inakula 230, utaona moshi kabla hujafunga mlango. Hata ukimtafutia mota transfoma, kule umeme ni hetzi 60, kwetu 50, mota itazunguka pungufu kwa sehemu moja kati ya sita na feni nayo hivyo hivyo. Feni ikipungua tunarudi kwenye hewa. Achana nayo.

Na kwa udobi: mataulo ya masaji, aproni na vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia usiviingize. Mafuta hayatoki yote kwa kufua, na vikitoka vya moto vikarundikwa kwenye beseni vinaendelea kupanda joto vyenyewe hadi kuwaka, hata mashine ikiwa imezimwa. Ndiyo sababu dakika za mwisho mashine inazungusha bila joto. Wateja wakikuharakisha usiikate hapo.

Chidi_Nzuguni

Duh, hiyo ya mafuta sikuwahi kuisikia. Basi naiacha ya Marekani. Jamaa huyo huyo ana mbili za kondensa za Uingereza, plagi hizi hizi za kwetu. Nikienda kuzikagua niangalie nini?

FundiMakole

Zungusha dramu kwa mkono. Ikiteleza bila uzito wowote, mkanda umekatika. Ikigoma au ikilia, ni rola au beringi. Mwambie awashe: mota ikinguruma bila kuzunguka, lakini ukisaidia kwa mkono inaondoka, ni kapasita, hiyo ni rahisi, punguziwa bei. Chomoa kondensa chini, itazame dhidi ya mwanga, mapezi yawe wazi. Toa tangi la maji uone kama lina dalili ya kuwahi kujaa, maana pampu ikiwa imekufa maji yanabaki chini na tangi linakuwa kavu siku zote.

Na nenda na taulo lako lililoloweshwa na kukamuliwa, uliweke humo, ukae nalo nusu saa. Atakuambia haina haja, dramu si unaiona inazunguka. Kaa tu.